Fizi za Mvutaji Zisipotoka Damu

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari wa meno hapa Dar es Salaam. Darasani hakuna asiyejua kuwa sigara huharibu kinywa. Ukituuliza, tutakutajia saratani, harufu mbaya na meno kubadilika rangi. Wiki iliyopita nilimpima dereva wa bodaboda wa makamo, na kwa kuwa fizi zake hazikutoka damu nilipozigusa, niliandika kuwa ni nzima. Mwalimu wangu alipopima upya alikuta mfuko wenye kina cha milimita 6 kati ya jino na ufizi, dalili kwamba ufizi ni mgonjwa. Sikuwa nimemuuliza kama anavuta. Je, elimu yetu ina upungufu gani?
M., Upanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kulieleza kosa hili waziwazi, kwa sababu wengi wetu tumelifanya na wagonjwa wetu ndio waliolipia.

Fizi zenye ugonjwa kwa kawaida hutoka damu zinapoguswa, kwa kuwa mishipa yake midogo hutanuka na damu hujaa penye uvimbe. Nikotini huibana mishipa hiyo, ishara ya damu ikafifia, huku mfupa unaoshikilia jino ukiendelea kuliwa chini kwa chini. Mvutaji hukaa akiamini yu salama hadi siku jino linapoanza kucheza anapotafuna muhogo wa kuchoma. Uhusiano huu si dhana ya juzi: Mganga Mkuu wa Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2004, alitamka wazi kuwa uvutaji husababisha ugonjwa wa tishu zinazoshikilia meno. Hata hivyo, wanafunzi ninaokutana nao huitaja saratani upesi na ufizi huusahau, ilhali ufizi ndio watakaokutana nao kila siku kwenye kiti cha matibabu.

Upungufu wa pili, ambao kwangu ni mkubwa zaidi, ni kuona haya kuuliza. Kijana wa miaka ishirini na mitatu hujiona anamkosea adabu mtu wa umri wa baba yake. Uliza kwa heshima, na uliza kwa upana: “Mzee wangu, unatumia tumbaku ya aina yoyote?” Ukitaja sigara peke yake, mwenye kuweka ugoro chini ya mdomo atakujibu hapana, naye atakuwa amesema kweli. Shisha ilipigwa marufuku nchini mwaka 2016, kwa hiyo anayeivuta hataitaja kwa hiari. Ukishajibiwa, mshauri aache, pima utayari wake, msaidie kupanga siku ya kuanza, kisha umfuatilie. Mtahadharishe mapema kuwa akiacha, fizi zinaweza kutoka damu zaidi kwa muda kwa sababu mishipa inafunguka tena. Asipoambiwa, atadhani kuacha ndiko kulikomdhuru, na atairudia sigara yake.

Anayeng'olewa jino naye aelezwe kwamba akivuta mapema, damu iliyoganda kwenye tundu inaweza kuharibika au kung'oka, mfupa ukabaki wazi, na maumivu yakaanza siku chache baadaye, makali kuliko yale yaliyomleta.

Saratani, bila shaka, usiiache. Shika ncha ya ulimi kwa kipande cha shashi, uvute taratibu pembeni, utazame kingo zake zote mbili na sakafu ya kinywa. Doa jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, kipelekwe kwa mtaalamu akichunguze. Akiwa mvutaji ni mnywaji wa pombe pia, hatari huongezeka maradufu na zaidi.

Huyo dereva mpigie simu arudi. Safari hii mpime kila jino sehemu sita, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi, uandike kila kipimo hata pale usipoona tone la damu, kisha umwonyeshe mwenyewe kwenye kioo mahali kijiti cha kupimia kinapozama.