Kuku Saba kwa Usiku Mmoja

SWALI: Shikamoo Mzee. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Karatu, nyumba yetu iko jirani na korongo lenye miti. Juzi nimeamka nikakuta kuku saba wamekufa bandani. Walioliwa ni wawili tu, vichwa na vifua, na mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Jirani ananishauri nitege waya wa breki ya baiskeli, au niweke sumu kwenye nyama. Moyo unasita. Je, upo mtego wa kumkamata mnyama bila kumtesa? Mama Mfugaji, Karatu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kuku saba ni daftari na sare za watoto, siwezi kukuambia ni kitu kidogo.

Kabla ya mtego, tumjue mwizi. Nguchiro kwa kawaida huja mchana, na yai hulirusha kinyumenyume kati ya miguu yake mpaka lipasuke kwenye jiwe. Nyegere hufukua ukuta au kung'oa mbao, asubuhi unakuta banda limebomoka. Fungo ni wa chini, kupanda si kazi yake. Huyu wako aliyeingia mlango ukiwa umefungwa, akala vichwa na vifua, kwa macho yangu ni kanu: yule mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete pete. Ana kilo mbili hivi, anatembea kwenye kenchi kama panya, na kichwa chake kikishapita tundu, mwili unafuata. Ameua saba kwa sababu kuku waliofungiwa wakishtuka hurukaruka, naye hukamata kila kinachoruka mbele yake. Nakueleza haya kwa kuwa najua kuna watakaokuambia umerogwa.

Sasa huo waya. Nimefanya uaskari wa wanyamapori miaka 26, na nimekata waya shingoni mwa swala, mguuni mwa fisi, na siku moja kiunoni mwa mbwa wa mchungaji, mtoto mwenye mbwa akiwa amesimama pembeni analia. Aliyeutega alimtaka digidigi. Waya hukaza kadiri mnyama anavyovuta, na anaweza kukaa humo siku mbili akiwa hai. Sumu nayo haiishii kwa kanu: mzoga wake utaliwa na mbwa, na paka, na tumbusi, na hao kuku wako waliobaki wataudonoa. Mwambie jirani nimesema hivyo, kwa heshima zote.

Mtego unaoutaka upo. Ni kisanduku cha wavu wa chuma, urefu karibu mita moja, upana na kimo sentimita 30, chenye mlango unaodondoka mnyama akikanyaga kibati kilicho ndani. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea. Matundu ya wavu yawe madogo, maana yakiwa makubwa mnyama hung'ata chuma mpaka meno yanavunjika. Chambo, yai lililopasuliwa au kichwa cha kuku, kikae nyuma ya kibati. Funika kisanduku kwa gunia, giza humtuliza. Tega jua likizama, kague alfajiri. Hili la kukagua ndilo nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu kisanduku hichohicho kikisahauliwa mpaka saa sita mchana juani kinakuwa tanuri. Asiyeweza kuamka saa kumi na mbili asitege. Akinaswa paka wa jirani, mfungulie aende zake. Mnyama wa porini usimguse kwa mkono hata akionekana amelala, kichaa cha mbwa kipo; mlango unainuliwa kwa kamba, wewe ukiwa nyuma.

Lakini usitege kabla hujamwona Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka kibali cha kukamata, na yeye ndiye atakayeamua mnyama aachiwe wapi. Kumbeba mbali kwa pikipiki na kumtupa msituni si huruma: unamwacha ugenini, kwenye eneo lenye kanu mwingine, hajui maji yako wapi. Na korongo lako halitabaki wazi, atahamia mwingine.

Ndiyo maana mimi ningeanza na banda. Nilipostaafu kanu alinilia majogoo wawili. Nikaziba kwa wavu mdogo upenyo ulio kati ya ukuta na bati, nikakata tawi la mparachichi lililogusa paa. Ni mwaka wa nne sasa. Usiku bado namsikia juu ya bati, na panya wa ghala langu la mahindi wamepungua.

Kesho mchana ingia bandani, jifungie, usimame gizani kidogo. Kila panapopenya mwanga pima kwa vidole: panapoingia vitatu, anapita. Anza na juu, kwenye kenchi. Kisha niandikie umepata matundu mangapi.