Sindano za kukausha jasho la kwapa: nimechomwa mara nne, haya ndiyo niliyoyaona

Mwalimu, pole sana. Umesema ukinyoosha mkono kuandika ubaoni wanafunzi wa kidato cha pili wanaanza kuchekana, umeona tangazo la sindano za Botox za kukausha makwapa, na unataka kujua kama zinafanya kazi, kama zinauma, na kama jasho likizibwa huku halitaleta madhara ndani. Halafu mdau mmoja wa jukwaa hili kakujibu "hayo mambo ya kina dada, oga tu". Msamehe bure, hajawahi kulowa.

Mimi ni MC wa harusi hapa Dar, mwaka wa kumi na moja huu. Katikati ya wiki niko kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, nasukuma makaratasi ya makontena, hakuna anayeniangalia kwapa. Kazi ni Jumamosi. Kamati inaamua rangi, na kamati za siku hizi zinapenda rangi ya maziwa. Sasa nivae suti ya rangi ya maziwa, nishike kipaza sauti, ninyanyue mkono kuwaambia watu wasimame bibi harusi anaingia. Siku moja ukumbi mmoja wa Sinza, kiyoyozi kinapuliza mpaka kina mama wamejifunika vitenge, mpiga video akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, "MC, umemwagikiwa?" Doa lilikuwa limetoka kwapani likashuka mpaka usawa wa mfuko. Na picha ipo. Kwenye albamu ya watu mimi nipo, mkono juu, kama bendera iliyonyeshewa.

Sasa hiyo "oga tu". Nilikuwa naoga mara tatu kwa siku. Watu wanachanganya jasho na kikwapa. Jasho lenyewe likitoka ni maji na chumvi, halina harufu. Kikwapa kinatokana na bakteria wa kwenye ngozi wanaokula majimaji ya aina nyingine ya tezi, zilizoko kwapani na sehemu za siri. Unaweza kunuka bila kulowa, na unaweza kulowa chapachapa bila kunuka. Mimi nilikuwa wa kundi la pili, na bado bibi yangu wa Tanga alinipa shabu nisugue. Nimesugua shabu, nimesugua ndimu, nimepaka magadi. Shabu ilisaidia harufu ambayo sikuwa nayo. Ndimu ilinichubua.

Niliyejuta kuchelewa kumwona ni daktari wa ngozi. Nenda kwake kabla ya kufikiria sindano. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi tangu miaka ya 1990, na wengi walioko mikoani wamepita pale, kwa hiyo usidhani lazima uje Dar. Wangu aliniuliza maswali ambayo mwanzoni niliona ya ajabu: lilianza ukiwa na umri gani? Pande zote mbili? Nyumbani kwenu yuko mwingine? Na ukilala, unalowa?

Nikamjibu lilianza darasa la saba, pande zote, baba mdogo analo, na usiku nakauka kabisa. Akatikisa kichwa kuridhika. Kumbe hilo la usiku ndilo linalotenganisha. Jasho kali lisilotokana na ugonjwa mwingine mara nyingi huacha mtu akilala. Anayelowesha shuka usiku, anayekonda, mwenye homa za jioni, huyo apimwe kifua kikuu na mengine kwanza. Kuna pia tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kisukari, wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, na baadhi ya dawa, zile za sonona zikiwemo. Ukikausha kwapa huku ugonjwa uko kwingine, umefunika sufuria linaloungua.

Hakunichoma sindano siku hiyo. Aliniandikia kwanza dawa ya kupaka, alumini kloraidi ya asilimia 20. Hii si deodoranti ya dukani. Inapakwa usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, unaosha asubuhi. Usiku kwa sababu tezi zimelala, dawa inapata nafasi ya kuziba vijitundu vya jasho. Kavu kwa sababu ikikutana na maji inatengeneza asidi. Mimi mjanja nikanyoa, nikaoga, nikapaka papo hapo. Mwalimu, nililala mikono juu kama mtu aliyewekwa chini ya ulinzi. Nilipoifuata vizuri, ikapakwa kwenye kwapa kavu ambalo halijanyolewa karibuni, ndani ya wiki mbili nikaona nafuu ya kweli, nikapunguza hadi mara mbili kwa wiki. Kwa kazi ya ofisini ilitosha kabisa. Ukumbini, chini ya taa za mpiga video, haikutosha. Kwako darasani huenda ikatosha, na bei yake huwezi hata kuiweka mizani moja na sindano. Anza nayo.

Hapa ndipo niliposhikwa na haraka nikapigwa. Daktari aliniambia nirudi baada ya miezi miwili tujadili sindano. Mimi nina harusi nne Desemba, nikaona tangazo la saluni moja ya urembo, bei theluthi ya ile ya hospitali. Nikaenda. Dada wa pale akaja na chupa iliyokwisha kufunguliwa, imetoka kwenye friji ileile yenye soda za wateja. Hakupima chochote. Michomo mitano kila upande, dakika tano, lipa kwa simu, asante karibu tena. Kwapa la kulia halikubadilika hata kidogo. La kushoto likakauka vipande, katikati pakavu, pembeni panatiririka, kwa hiyo suti ikawa na doa lenye umbo la pete. Wiki sita baadaye hata hiyo pete ikarudi kuwa bahari.

Daktari aliposikia alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia nimshukuru Mungu niliyochomwa huenda ilikuwa maji zaidi kuliko dawa. Kwa sababu kilichomo kwenye hizi sindano halisi ni sumu ya bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Sumu kweli kweli, ila kwa kipimo kidogo mno. Miaka ya 1820 tabibu mmoja Mjerumani, Justinus Kerner, alichunguza watu waliokuwa wakifa baada ya kula soseji zilizoharibika, akaona kwamba pamoja na kulegea misuli wanakauka: mate, machozi, jasho. Akawaza, kipimo kidogo si kinaweza kuwa dawa? Jina lenyewe la botulinamu linatokana na neno la Kilatini la soseji. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kufika kwapani. Walianza na macho yenye makengeza, wakaja mikunjo ya uso, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha Botox, jina la kibiashara la sumu hiyo, kwa jasho kali la kwapa lililoshindikana kwa dawa za kupaka. Soma vizuri hapo, lililoshindikana kwa dawa za kupaka. Ndiyo maana daktari hakukimbilia sindano.

Inavyofanya kazi: mishipa ya fahamu inaiamuru tezi itoe jasho kwa kuidondoshea kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu inazuia ule mdondoko. Tezi iko palepale, nzima, ila haipati amri. Kwa hiyo swali lako la jasho "kuzibwa" ndani lina jibu: halizibwi, halitengenezwi. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne, za kwapani ni sehemu ndogo tu, na mwili unaendelea kujipoza kupitia kwingine. Mimi nilihisi mgongo unalowa zaidi miezi ya mwanzo. Wapo wanaosema hivyo, wapo wasioona tofauti. Mgongo una koti, haunisumbui.

Siku yenyewe ya sindano hospitali ilikuwa hivi. Niliambiwa ninyoe mapema na nisipake chochote kwapani kwa saa 24. Nikalala chali, mikono nyuma ya kichwa. Muuguzi akanipaka iodini, ikakaa kahawia, akasubiri ikauke, akanyunyiza unga wa wanga juu yake. Tukapiga stori. Baada ya dakika kama kumi akaniletea kioo. Mahali jasho lilipotoka, unga ulikuwa umegeuka mweusi wa kuelekea buluu, mweusi tii, kama piko la bibi harusi. Na lile umbo halikuwa nilivyodhania. Upande wa kulia lilikuwa limepanda juu kuelekea mkononi, nje kabisa ya sehemu yenye nywele. Yule dada wa saluni asingeweza kulijua hilo hata kwa ndoto. Daktari akauzungushia kalamu mpaka wa weusi, akaweka nukta ndani yake, sentimita moja na nusu hivi kutoka moja hadi nyingine, ndipo akapanguza.

Chupa ikafunguliwa mbele yangu. Ilikuwa na yuniti 100, unga mkavu ambao unauona kwa shida, akauchanganya na maji ya chumvi. Yuniti 50 kila kwapa. Ukikuta wanatumia Dysport, chapa nyingine ya sumu hiyohiyo, badala ya Botox, namba zitakuwa kubwa zaidi na hazilinganishwi, yuniti za kampuni hii si yuniti za ile, kwa hiyo usije ukaona umependelewa. Sindano ni nyembamba kama ya insulini na haiendi ndani, inaishia kwenye ngozi yenyewe mpaka panainuka kivimbe kama umeumwa na mbu. Kulia nilihesabu 14, kushoto 15. Maumivu ni ya siafu: kila moja unaisikia, hakuna hata moja ya kukutoa kitandani. Waliniwekea barafu tu. Nikatoka nikapanda mwendokasi nikarudi kazini, nimeambiwa nisikande makwapa wala kwenda mazoezini siku hiyo.

Siku tatu za kwanza hakuna kitu. Nikaanza kumtazama mke wangu kwa jicho la mtu aliyetapeliwa mara ya pili. Siku ya tano nilikuwa bandarini, saa saba mchana, nabishana na dereva wa lori, nikaingiza kidole kwapani kama kawaida yangu kuangalia hali. Pakavu. Siyo nafuu, pakavu kama kiwiko. Wiki ya pili nikavaa shati jeupe bila koti mbele ya watu 400 Tabata, mikono yote miwili juu, nikawaweka juu makusudi.

Ila elewa kwamba unapangisha, hununui. Mishipa inachipua upya, amri zinarudi. Mara ya kwanza nilipata miezi saba, ya pili sita, ya tatu karibu minane. Kushoto ndiko huwa kunaanza kurudi. Kwa hiyo mimi nachoma mara moja tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Novemba, inanibeba Desemba, Januari, hadi harusi zinapopungua Kwaresima na Ramadhani. Miezi ya baridi natumia ile ya kupaka. Gharama kwangu ni kama malipo ya harusi mbili nzuri. Bima yangu ilikataa, wakaandika "urembo". Nilitamani niwatumie ile picha ya Sinza. Wewe mwenye mshahara wa serikali piga hesabu yako, kisha pangilia na kalenda: hakuna maana kuchoma kabla ya likizo ndefu.

Usichome kabisa kama una ugonjwa wa misuli na mishipa ya fahamu kama miasthenia gravisi, kama una jipu au vidonda kwapani, na kina dada wenye mimba au wanaonyonyesha wasubiri. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata antibayotiki, maana baadhi kama jentamaisini zinaiongezea sumu nguvu. Na ukichomwa popote kisha ukaona kope zinashuka, unaona viwili viwili, kumeza au kupumua kunakuwa kazi, usiulize jukwaani, kimbia hospitali. Aprili 2024 Marekani walitangaza watu 22 katika majimbo 11 walioumwa baada ya kuchomwa Botox bandia au kwa mikono isiyo na ujuzi, nusu yao walilazwa. Kule, penye ukaguzi wote ule. Mimi siku ile nilichomwa kutoka friji ya soda.

Mdau aliyetaja upasuaji: upo, wanaukata mshipa wa fahamu kifuani, lakini daktari alinikataza kwa kwapa peke yake, kwa sababu jasho linaweza kuhamia mgongoni na mapajani na hapo hakuna kurudi nyuma. Vidonge vya oksibutinini, vya kupunguza jasho mwili mzima, nilijaribu wiki tatu. Kinywa kilikauka mpaka nikashindwa kupiga vigelegele vya mfano, na MC asiye na mate hana kazi.

Ukifika siku ya kipimo, mwalimu, nenda na fulana kuukuu. Iodini haitoki kirahisi kwenye nguo. Mimi nilikwenda na shati jeupe jipya, nikasema leo ndiyo mwisho wa madoa, nikarudi nalo likiwa na mabaka ya kahawia makwapani, mke wangu akalifanya tambara la jikoni.