Je, uhuru ulitukuta hatujaiva?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu husema, kila Jamhuri Dei ikikaribia, kwamba Waafrika tulipewa uhuru kabla hatujaiva. Kwake maendeleo ya binadamu ni chanjo, umeme na reli. Bendera, asema, ni kitambaa tu. Nimjibu nini?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msalimie mjomba, kisha umuulize: aliyekuwa na haki ya kutupima kama tumeiva ni nani?

Mimi ni mzaliwa wa Pumwani, na baba aliniachia kikopo cha bati. Ni chembamba, kina kitanzi juu, na kamba imekisugua kitanzi hicho hadi kikang'aa upande mmoja. Ndani yake alikunja kipande chake, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, akakivaa kikopo hicho shingoni, mwanamume mzima. Wazee wa Kikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Kipande kilikuwa na alama za vidole, mshahara, tarehe ya kuandikwa kazi na ya kuachishwa. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa awe nacho. Bwana asipokutilia saini ukaondoka, wewe ni mtoro, polisi wanakusaka. Kuvaliwa shingoni kulikoma miaka ya 1940, ila baba hakukitupa.

Reli ilikuwepo wakati huo, mwanangu. Umeme pia, huko Muthaiga, mtaa wa Wazungu.

Hilo neno la "hamjaiva" lina historia. Tarehe 14 Desemba 1960 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio namba 1514 kwa kura 89, bila hata moja ya kupinga. Nchi 9 hazikuunga mkono wala kupinga, Uingereza ikiwemo. Azimio lilisema kwamba upungufu wa maandalizi, uwe wa siasa, uchumi au elimu, usiwe kamwe kisingizio cha kuchelewesha uhuru. Binadamu walikuwa wametawalana tangu zama za kale. Kukubaliana hivyo, kwangu, ni hatua sawa na chanjo.

Baada ya uhuru dhuluma hazikuisha. Mashamba yaligawanywa kwa upendeleo, watu wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na waliofanya hayo ni wenzetu. Mjomba akitaja hayo, mkubalie.

Lakini mwambie na hili. Mei 1963, katika uchaguzi wa kuelekea uhuru, baba alipanga foleni kupiga kura. Aliporudi alimweleza mama, mara mbili, kwamba karani alimuuliza jina lake, wala hakutaka kujua ameandikwa kazi na nani.