Jibu: Daraja letu la kamba za chuma linayumba na kujipinda

Ndugu, nimekuelewa: wanafunzi wakivuka kwa pamoja daraja linayumba kushoto na kulia, upepo ukivuma linajipinda, nanyi mnataka kuziba pembeni kwa mabati. Nakuomba sana, msizibe.

Daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilikuwa na kuta za chuma zisizo na upenyo, kimo mita 2.4. Tarehe 7 Novemba 1940 upepo wa kama kilomita 64 kwa saa ulilipinda mpaka likaanguka. Hakikuwa kimbunga. Sakafu ikishainama kidogo, upepo huikuta upande na kuizungusha zaidi, na kila mzunguko huongeza nguvu. Wekeni wavu, upepo upenye.

Kuyumba kando kunatokana na miguu. Daraja la Milenia la London lilifungwa siku mbili tu baada ya kufunguliwa mwaka 2000, kwa kuwa wavukaji walifuata myumbo kwa hatua zao bila kujua, wakauzidisha. Watoto wavuke wachache wachache. Waya za mshazari kutoka sakafuni hadi kingo zote mbili husaidia mno, ila nanga zake, yaani vishikizo vya waya ardhini, apige hesabu mhandisi wa wilaya. Mkiona nyuzi za kamba zimekatika au vibano vimelegea, fungeni daraja siku hiyohiyo.