Mama kwenda mahafali Uingereza: barua ya chuo haitoshi

Dada, umeuliza kama barua ya mwaliko ya chuo itamtosha mama kupata viza ya kwenda mahafali ya mdogo wako Manchester. Haitoshi. Barua inaeleza sababu ya safari tu. Afisa wa viza anataka kuona nani anagharamia na kitu gani kitamrudisha mama nyumbani. Wengi hukwama kwenye hela: akaunti imekaa tupu mwaka mzima, halafu wiki moja kabla ya maombi zinaingia milioni nane. Kama wewe ndiye uliyetuma, andika hivyo kwenye barua yako na uambatanishe taarifa zako za benki. Kama kinachomrudisha mama ni kiwanja chake, mkataba wake ulioandikwa kwa Kiswahili pale serikali ya mtaa nao utafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayetambulika.

Mnaruhusiwa kuomba miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Msisubiri. Na mdogo wako awahi tiketi za ukumbini, vyuo vingi hutoa mbili tu kwa kila mhitimu. Shangazi na vigelegele vyake atatazama mtandaoni.