Serikali ilinunua kuku ama ilinunua Subaru?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mikopo na nafuu ambazo serikali huwapa wafanyabiashara ndizo zinapandisha bei ya magari ya spoti ya mitumba. Mimi ni broka wa magari hapa Nakuru, miaka kama kumi na tatu sasa na nyingi ya hizo nimekula kwa Subaru, kwa hivyo swali lilinigusa. Jibu langu ni ndio, lakini si kwa ile njia watu wanapiga nayo stori, na hapa kwetu hiyo 'ndio' ni ndogo sana ukiiweka kando ya diuti ya kuingiza magari Kenya.

Wacha nianze na mteja wangu mmoja, mfuga kuku wa upande wa Bahati. 2019 alipata mkopo wa serikali wa vijana, laki mbili, riba ya chini, wa kupanua biashara. Na akapanua kweli, chakula kikanunuliwa, vifaranga vikaingia, risiti zote ziko kwa faili, afisa akienda kumkagua hakosi kitu. Sasa shida ni kwamba laki mbili ya chakula alikuwa nayo tayari, pesa ya mayai, imelala tu kwa akaunti inangoja hiyo kazi. Mwezi uliofuata alikuja kwangu na laki mbili, deposit ya Subaru Impreza WRX ya 2006, ile rangi ya buluu na rimu za dhahabu, si unajua vile vijana wa huku wako. Sasa niambie, serikali ilinunua kuku ama ilinunua Subaru? Pesa haina jina. Ukiziba shimo moja na ya mkopo, ile yako inabaki huru na inakimbia penye roho imelala.

Marekani walifanya hiyo ya kuku mwaka wa 2020, ila yao ilikuwa na sifuri nyingi. Corona ilipofunga biashara walianzisha mpango unaitwa Paycheck Protection Program, kwa jumla zikatoka kama dola bilioni 800. Mwenye biashara anapewa mkopo wa mara mbili na nusu ya mishahara anayolipa kwa mwezi, riba ni 1%, na akionyesha ametumia angalau 60% kulipa wafanyakazi na iliyobaki kwa rent na vitu kama hizo, deni linafutwa, hadithi imeisha. Mwenye hoteli iliyofungwa hiyo pesa ilimwokoa, hapo sina ubishi. Lakini kulikuwa na wale ambao biashara haikuyumba hata kidogo, wateja waliendelea kulipa, pesa iliingia kama kawaida, na bado mishahara ililipwa na serikali kwa sababu kwa karatasi walistahili. Huyo mtu mwisho wa mwaka ana mishahara ya miezi miwili na zaidi ambayo haikutoka mfukoni mwake, hakuna pa kusafiri, amekaa nyumbani anaangalia picha za Porsche 911 kwa simu. Hajaiba kitu! Lakini huyo ndiye aliyepandisha bei, si wale wezi.

Wezi nao walikuwepo na hao ndio watu wanapenda kusimulia. Kuna jamaa wa Florida alidanganya idadi ya wafanyakazi akapata dola milioni 3.9, na siku chache baadaye akachukua Lamborghini Huracán ya dola 318,000. Alishikwa Julai 2020 na gari likachukuliwa na serikali. Stori tamu, lakini Lambo moja haisongeshi soko la nchi nzima, na gari la wizi mara nyingi linarudi mnadani. Yule wa halali hakuna anayemnyang'anya, anakaa nalo, na hiyo ni gari moja imetoka sokoni miaka mitano.

Pia tusiwekee mikopo ya biashara lawama yote. Uingereza nao walikuwa na yao, hadi pauni 50,000 na serikali inadhamini benki 100%, ikaanza Mei 2020. Na wakati huohuo viwanda vya magari vilikosa chipu za kompyuta, gari mpya zikapotea, kila mtu akageukia mitumba. Aprili 2021 bei ya magari yaliyotumika Marekani ilipanda 10% kwa mwezi mmoja, hawakuwa wameona kitu kama hicho tangu waanze kupima hiyo bei mwaka wa 1953. Na hiyo ni magari yote, hata ile ya mama kupeleka watoto shule, kwa hivyo huwezi kuniambia kila dola ilitoka kwa mkopo wa biashara, raia pia walikuwa wametumiwa pesa na serikali, na riba za benki zilikuwa chini kabisa.

Ila gari ya spoti iko na tabia yake na hapa ndipo watu hukosea. Viazi vikipanda bei wakulima wa Molo wanapanda vingi, msimu unaofuata bei inarudi chini. STI, ile WRX kali kuliko zote, haipandwi. Ile injini yake ya EJ20 ambayo sisi wote tunaililia, gari ya mwisho nayo huko Japani ilikuwa ya 2019, na 2022 Subaru wakatangaza WRX mpya haitapata STI ya petroli. Kwa hivyo ukiongeza pesa kidogo tu upande wa wanunuzi, hakuna mahali ingine pa hiyo pesa kwenda isipokuwa kwa bei.

Na kuna msaada mwingine unavuta upande tofauti kabisa. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwenye biashara kukata gharama ya gari la kazi kwa kodi yake, lakini gari nyepesi ina kikomo cha kila mwaka na ile ya uzito wa zaidi ya pauni 6,000 ikiwa na mzigo wake wote inapata nafuu kubwa zaidi. Ndiyo sababu unaweza kupata mwenye biashara anatamani 911 lakini mhasibu wake anamwambia chukua Cayenne, ile Porsche kubwa ya familia. Hiyo ni serikali kusukuma mtu atoke kwa spoti aende kwa gari kubwa, na hajui amesukumwa.

Sasa tukirudi nyumbani. Aprili 2020 serikali yetu ilishusha VAT kutoka 16% hadi 14% na kodi ya kampuni kutoka 30% hadi 25%, na Januari 2021 zote mbili zikarudishwa zilipokuwa. Nilitegemea simu ziite, hazikuita, watu walikuwa wanaogopa, na mwenye kupunguziwa kodi ya faida ni lazima kwanza awe na faida. Hustler Fund nayo, ule mkopo wa serikali kwa wananchi wa kawaida, ilipoanza mwisho wa Novemba 2022 ilikuwa ya kati ya shilingi 500 na 50,000, riba 8% kwa mwaka. Shilingi 500 kwa WRX ni petroli ya kutoka hapa hadi Njoro ukiendesha kwa adabu, na hakuna anayenunua WRX ili aendeshe kwa adabu. Elfu hamsini ni klachi na labour ya fundi. Hiyo pesa kwangu haijawahi kuuza gari, imeuza spea tu.

Kile kimepandisha bei hapa nimekiona na macho. Julai 2023 diuti ya gari kutoka nje ilitoka 25% ikawa 35%. Juu ya hiyo weka ushuru wa bidhaa, 25% kwa injini ya zaidi ya cc 1500 na spoti karibu zote ziko hapo, juu yake tena VAT 16%, na kila moja inahesabiwa ikiwa imebeba ile ya chini yake kama mizigo ya matatu. Halafu bei ambayo KRA, watu wa ushuru, wanahesabia haitoki kwa risiti yako ya Japani, inatoka kwa orodha yao wenyewe. Kisha Januari 2024 dola ikafika shilingi 160 hivi. Iliposhuka ikarudi karibu 130, mimi sikuona yadi ikikimbia kupunguza bei, kila mtu alisema stock ni ya zamani.

Ongeza ile sheria ya miaka minane. Gari imepita miaka minane toka isajiliwe mara ya kwanza haiingii Kenya, kwa hivyo Impreza za 2005, 2006, 2007 ziko hapa ni zile tu ziko hapa, na kila moja inayobingirika kwa ajali barabarani pale Salgaa haina mbadala. Ndiyo sababu hata mwenye gari ambayo ililipiwa diuti zamani anapandisha, haangalii alinunua ngapi, anaangalia akiuza leo atapata wapi ingine.

Yule wangu wa Bahati alilipa mkopo wote, sifa ni zake. Kuku walimalizwa na kideri 2021, banda sasa anaweka nyasi. Ile WRX nilimuuzia 780,000, na mwaka juzi nikapata mtu wa Kisumu ako na 950,000 mkononi, nikampigia nikijua nimekula komisheni. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akaniuliza, sasa broka, nikikupa hii, utaniletea ingine kama hii kwa pesa ngapi? Nikamwambia nitampigia baadaye.