Hereni zinakuwasha, na kofia ya jino je?

*Daktari, hereni za Gikomba hunitoa maji masikioni. Gego langu limetibiwa mzizi, na nimeambiwa livikwe kofia ya chuma kwa kuwa ni nafuu. Niogope? – Mama wa Umoja*

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuchongwa, mama. Mshukiwa wa kwanza hapo ni nikeli, metali inayoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi, na kofia nyingi za bei ya chini ni nikeli iliyochanganywa na kromu. Si kila anayewashwa na hereni huwashwa kinywani, maana mate huosha, lakini mimi singebahatisha.

Neno "chuma" ndilo linalotuponza. Muulize daktari wako waziwazi: aloi hii, yaani mchanganyiko huu wa metali, ina nikeli? Asipojua, ampigie fundi wa maabara ukiwa palepale kitini. Aloi huja na karatasi ya kiwanda inayotaja kila kilichomo. Ukiambiwa ni kofia nyeupe usitulie bado, kwa sababu chini ya kauri mara nyingi mna kikombe cha metali.

Kwa gego ningechagua zirkonia, aina ya kauri, ingawa bei itakuuma. Kuna pia kobalti na kromu bila nikeli, ila wapo wanaodhurika na kobalti. Daktari wa ngozi anaweza kukupima: hubandika viraka vyenye metali mbalimbali mgongoni, hukaa siku 2, kisha ngozi husomwa tena siku ya 3 au ya 4, kwa kuwa mzio huu huchelewa kujitokeza. Mgongo haulowi siku hizo, kwa hiyo usipange safari ya ushago. Jasho la matatu litavibandua.

*Marehemu babu alizikwa na jino lake la dhahabu na halikumsumbua kamwe. Niweke hiyo? – Kijana wa Eastleigh*

Dhahabu tupu ya karati 24 ni laini mno kwa kutafunia. Ya meno huchanganywa na shaba, fedha na mara nyingi metali iitwayo paladiamu, na wengi wenye mzio wa nikeli huikataa paladiamu pia. Ulizia hiyo kwanza.

*Ufizi kando ya kofia yangu ni mwekundu tangu mwaka jana. Huu ni mzio? – Msomaji wa Rongai*

Pengine sivyo. Pitisha uzi wa meno hapo. Ukikwama na kuchanika nyuzi, ukingo wa kofia haukukaa sawa na uchafu umepata maficho. Mstari wa kijivu kwenye ufizi nao huwa ni metali inayochungulia tu. Mgonjwa mmoja alinijia akitaka kofia yake ivunjwe. Tulichokuta ni punje ya simenti, ile gundi ya kubandikia kofia, iliyosahaulika chini ya ufizi. Tuliitoa, na wiki mbili baadaye wekundu ulikuwa umekwisha.

Mzio naushuku nikiona michirizi myeupe kama lesi kwenye shavu pale linapogusa kofia, au kinywa kikiwaka moto hata baada ya kusafishwa vizuri. Hapo pima kwanza, ndipo kofia itolewe.

*Zirkonia si metali pia? – B., South B*

Ilikuwa. Zirkoniamu ikishaungana na oksijeni huwa kauri. Kutu nayo ilikuwa chuma, lakini hujaona mtu akigongelea msumari wa kutu tupu.

*Binti yangu wa miaka 6 anawekewa kofia za chuma cha pua. Zina nikeli? – Baba wa Kahawa West*

Ndiyo, zina nikeli. Kama kifungo cha jinzi au saa havijawahi kumtoa vipele, usiwe na wasiwasi: ni imara, na magego hayo ya utotoni yatang'oka yenyewe akifika miaka 10 hadi 12. Kama vimewahi kumtoa, mwambie daktari leo. Zipo za zirkonia za watoto, ila jino huchongwa zaidi, na mtoto lazima atulie kitini muda mrefu. Wewe ndiye unayemjua.